Nyumba ya urithi Chunya: mteja ana haraka, karatasi bado

Mtoto wa Lupa
Wakuu, salaam. Kuna nyumba ya marehemu mzee Chunya mjini: vyumba vinne, matofali ya kuchoma, kiwanja kama mita 30 kwa 25. Mama yupo, watoto tuko watano. Ofa ya zamani (barua ya kumilikishwa kiwanja, inayotangulia hati) ina jina la mzee, hati haijawahi kutoka. Ukuta wa nyuma una ufa. Dalali ameleta mteja anayetaka tumalizane ofisi ya mtaa, na bei anayotaja imezidi thamani ya nyumba yenyewe. Tuanzie wapi?

Kalamu ya Baraza
Mkuu, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauhamishi kiwanja chenye ofa. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi tu, anayeteuliwa na mahakama. Kaeni kikao, muhtasari usainiwe na kila mrithi, mama akiwamo, kisha upelekeni mahakamani pamoja na cheti cha kifo.

Wengi huteleza hapa: Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama marehemu aliishi Kikristo, nendeni Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Mkikosea mlango, ndugu mmoja akija kulalamika baadaye uteuzi unafutwa, na mauzo yanayumba nao.

Baada ya uteuzi jina lihamie kwa msimamizi, malimbikizo ya pango la ardhi yalipwe, ndipo fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zijazwe. Mamlaka ya Mapato (TRA) wanataka asilimia 10 ya faida. Risiti za ujenzi za mzee sidhani kama mnazo, kwa hiyo ulizeni kuhusu ile njia ya asilimia 3 kwa wasio na kumbukumbu za gharama.

Fundi Msingi
Huo ufa umekaaje? Ukiwa wa ngazi, unafuata viungo vya matofali na kupanuka kadiri unavyopanda, kona moja ya msingi inazama. Paka kipande cha saruji juu ya ufa, unene wa sentimita moja, andika tarehe. Kikipasuka masika haya, ardhi bado inatembea na kupiga lipu upya ni kumficha mgonjwa.

Kagua uwanja baada ya mvua kubwa. Mahali panapomeza maji haraka au palipobonyea mviringo huenda ni duara la zamani (shimo la wachimbaji dhahabu) lililojazwa takataka. Usimwagie udongo tu, utashuka tena. Ondoa taka, weka mawe makubwa chini, madogo juu, halafu kifusi kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka lishindiliwe.

Chunguza na mchanga. Ukiona mchanga laini wa kijivu usioota nyasi, hayo yanaweza kuwa marudio ya mwaloni, yaani mabaki ya sehemu ya kuoshea dhahabu, na zebaki imo. Msifagie pakavu, watoto wasichezee, maji ya kisima msinywe kabla sampuli haijapimwa kwa Mkemia Mkuu.

Duara Namba Saba
Bei kubwa kuliko nyumba? Huyo hanunui vyumba vinne, huenda anawinda dhahabu iliyo chini. Migodi ya wakoloni ilikufa miaka ya 1950 lakini wachimbaji wadogo hawajaondoka. Madini ni mali ya Jamhuri, kwa hiyo kununua kiwanja hakumpi haki ya kuchimba bila leseni. Nendeni kwa Afisa Madini Mkazi na vipimo vya kiwanja, muulize kama kimeangukia ndani ya leseni ya mtu. Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 za makazi ya mtu. Huenda mzee alishaisaini, tafuteni kwenye makaratasi yake. Na kama leseni ipo na ni ya huyu mteja, hapo mna la kujadili kuhusu bei.

Mtoto wa Lupa
Shukrani sana. Mteja anasema atoe nusu sasa, nusu mirathi ikitoka.

Kalamu ya Baraza
Msipokee. Kabla ya uteuzi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza; atakayepokea ndiye atakayedaiwa, na nyumba itabaki ya warithi. Mpeni barua ya nia ya kuuza, isiyo na pesa, yenye ukomo wa tarehe. Akikataa, mwacheni aende.