Mama anaenda New York, tiketi yaonyesha masaa 7, jirani asema 15. Naombeni ushauri

Mwana wa Likoni: Habarini wote, nisaidieni maana mama halali. Ana miaka 68 hajawahi kupanda ndege, Januari anaenda kumuona mjukuu, dada yangu kajifungua. Ndege ni ya moja kwa moja kutoka Nairobi, tiketi imeandikwa kutoka 23:25 kufika 06:25, mi nikahesabu masaa saba nikamwambia ni kulala na kuamka tu, sasa jirani kamwambia ni kumi na tano na mama ameingiwa na hofu, miguu yake huvimba hata kwenye basi la Mombasa Nairobi, tena ana presha, dawa anameza kila siku saa mbili asubuhi. Ukweli ni upi?

Kipanga: Jirani hajakosea. Hiyo saa ya kufika ni ya kule, na Januari wako nyuma yetu masaa 8, kwa hiyo 7 jumlisha 8 ni 15. Ni kama kilomita 11,800. Kurudi ni karibu 14, kule juu upepo mkali watoka magharibi, akienda ndege inapambana nao, akirudi unaisukuma.

Ummu Salma: Pole ndugu yangu. Mwambieni ukweli mapema, asije kuulizia mbona hatufiki. Mamangu nilimpeleka njia hiyo hiyo, alivua viatu tulipopaa, tulipotua havikuingia, akashuka na soksi tupu kwenye baridi ile. Mama avae ndala pana za kufunga, akae kiti cha kando ya njia, anyanyuke kila saa moja au mbili anyooshe miguu, na maji anywe, asijizuie kwa kuogopa choo. Kiti cha magurudumu ombeni mapema kwa shirika la ndege, hakilipiwi.

Mwana wa Likoni: Shukran dada. Na dawa je?

Nesi wa Tanga: Saa ya mkononi asiibadilishe, aiache ya Nairobi. Ikigonga saa mbili asubuhi ameze, New York itakuwa saa sita usiku na yeye bado yuko hewani. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio sandukuni. Ila kabla ya safari aonwe na daktari, amwambie hiyo miguu inavyovimba, na akishafika atameza saa ngapi daktari ndo apange.

Mwana wa Likoni: Nimemsomea yote, ametulia. Sasa auliza swala ya alfajiri itamkuta wapi?

Kipanga: Mwambie usiku wake utakuwa mrefu, ndege inaelekea magharibi kwa hiyo giza linakwenda naye karibu safari nzima. Alfajiri itamkuta karibu na kutua, asifuate ile saa ya mkononi, aangalie dirishani.