Monita ya mtetemo yasoma hata pampu ikiwa imezimwa: ni athi?

Shela_Malindi
Salaam aleikum mafundi. Kuna pampu mbili za petroli hapa Malindi, mota zake zazunguka mara 2,950 kwa dakika. Kila moja ina sensa ya mtetemo ya Ex ia (umeme wake ni mdogo hata hauwezi kuwasha mvuke), milivolti 100 kwa g, yaani kwa kila kipimo cha mvutano wa dunia. Kebo ni mita 180 hadi chumba cha kontroli, na huko kuna vizuizi vya zena vya volti 28, omu 300, vya kuzuia umeme mwingi usifike kwenye sensa. Pampu ikizimwa, monita yabaki kwenye milimita 4 kwa sekunde. Ikiwashwa, namba zapanda na kushuka, na mara mbili pampu imejizima yenyewe. Vizuizi vina rodi yao peke yao ya chuma, iliyochimbiwa ardhini nje ya ukuta, mbali na athi ya stima, ili vipate athi safi. Sensa zimeshabadilishwa, hali ni ile ile. Nianzie wapi?

WayaBuluu
Waaleikum salaam. Ziache sensa, hazina kosa. Mizunguko 2,950 ni hezi 49.2, na stima yetu ni hezi 50. Kwenye grafu viwili hivyo vyaungana kuwa kilele kimoja, na huko kupanda na kushuka ni vyenyewe vikipishana, kila sekunde moja na robo hivi. Rekodi angalau sekunde 4 ndipo utaviona vimetengana. Kile kinachobaki pampu ikiwa imelala ni stima.

Na haihitaji stima nyingi. Monita yako yageuza g kuwa kasi, na kwa hezi 50 milimita 1 kwa sekunde ni milivolti 3.2 tu. Hizo 4 zako ni kama milivolti 13. Zaingia kwa urahisi pale wavu wa ndani wa kebo (nyuzi za kuzuia kelele za stima) unapofungwa athi pande zote mbili. Pata kibali cha kazi, mvuke upimwe, kisha fungua kisanduku cha pampuni utazame kwenye glandi, kibano kinapoingilia kebo: mara nyingi nyuzi za wavu zimebanwa pamoja na chuma cha nje cha kebo. Zikate, uzivike plastiki, wavu ubaki umefungwa upande wa vizuizi peke yake. Chuma cha nje cha kebo usikiguse, hicho kina kazi yake.

Rodi_na_Klampu
Hayo ya kelele ni sawa, lakini mimi naiogopa zaidi hiyo rodi. Ndugu yangu, "athi safi" ya peke yake ni hatari pale penye petroli. Kizuizi cha zena kazi yake ni kuutupa umeme uliopotea kwenye athi mpaka fyuzi yake ikatike. Stima ikiingia hapo, lazima irudi kwenye nyutro ya transfoma, na njia yake ni hiyo rodi. Rodi kwenye mwamba wa matumbawe ikiwa na omu 20, ampea 10 zikipita, reli ya vizuizi yapanda volti 200, na volti hizo zaifuata kebo hadi kwenye sensa, ndani ya mvuke.

Unganisha reli ya vizuizi na athi kuu ya jengo. Kati yake isizidi omu 1. Waya wa shaba uwe mmoja wa milimita mraba 4, au miwili ya 1.5. Mimi ningeweka miwili: ukifungua mmoja upime, mwingine bado walinda. Na klampu za pwani hii ziangaliwe mara kwa mara. Upepo wa chumvi waotesha ukijani kati ya waya na klampu, na kwa macho yaonekana imekaza. Mega, kile kipimo cha insulesheni, usiipige kabla ya kuchomoa kizuizi, volti 500 zitakiua.

Shela_Malindi
Nikiondoa zena niweke aisoleta za galvani, zinazopitisha mawimbi bila kuunganisha umeme wa pande mbili, rodi haitakuwa na maana tena?

WayaBuluu
Aisoleta haihitaji athi hiyo maalumu, ndiyo raha yake. Ila iwe ya mtetemo hasa, inayopitisha hadi hezi 10,000. Ile ya miliampea 4 hadi 20 itakula mawimbi ya beringi yote. Volti inayotoa isizidi ile inayoruhusiwa na sensa. Na chaji ambayo kebo yaweza kushika uihesabu: ikiwa haina karatasi yake, chukua pikofaradi 200 kwa mita, yaani nanofaradi 36 kwa mita 180. Kwa volti 28, hata kundi la gesi kali zaidi, IIC, huruhusiwa nanofaradi 83, lakini soma kibandiko cha aisoleta yenyewe, na hizo za kebo uzijumlishe na za sensa. Wavu urekebishe kwanza hata hivyo, aisoleta haitauponya.