Mteja anataka nimfichie maneno ndani ya muziki. Nifanye au nimrudishie hela yake?

Prodyuza wa Nyakato

Wakuu, habari za jioni.

Nina studio ndogo hapa Mwanza. Kazi zangu ni kwaya, matangazo ya magari ya sokoni, mara moja moja singeli. Juzi kaja jamaa wa mambo ya hamasa, wale wanaokodi ukumbi na kuwaambia watu kwamba umaskini uko kichwani. Anataka nusu saa ya piano na mvua, na chini yake maneno ambayo msikilizaji hayasikii ila "ubongo wa ndani" unayapokea akiwa amelala. Faili moja ni la kidato cha nne ("nakumbuka kila nilichosoma"), jingine la wenye madeni. Atauza 15,000 kila moja, kwa WhatsApp. Mimi ananipa laki mbili, na kishika uchumba cha elfu 80 nimeshakila.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza, nimeshusha maneno yake desibeli 30 chini ya piano. Ya pili kaniletea mwenyewe, kaichapisha kabisa: hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani ya mwaka 1992, ya mtu anaitwa Oliver Lowery, inayoeleza jinsi ya kupandisha maneno kwenye masafa ya juu, kama hezi 14,500 hivi kwenda mbele. Nimeifanya. Mimi wa miaka 46 sikusikia kitu. Binti yangu wa miaka 11 kaziba masikio, kauliza nani anapuliza filimbi.

Inafanya kazi kweli? Na nikimfanyia, nina kosa? Kejeli wekeni pembeni, hiyo ni kodi ya chumba.

Kipanga

Mwambie amalizie malipo kwa pesa isiyoonekana. Akaunti yako ya ndani itaipokea.

Fundi Mitambo

Kipanga acha hizo, mwenzio ana kodi.

Mkuu, hataza isikutishe. Wanaotoa hataza wanaangalia kama wazo ni jipya, hawampimi mtu kama amefaulu mtihani. Hiyo njia inafanana na redio: maneno yanabebwa na masafa ya juu. Sasa redio yako nyumbani ina sakiti ya kuyashusha maneno kutoka kwenye mbebaji wake. Sikio halina. Kwa sauti ya kawaida, kilichoingia kama mluzi wa hezi 14,500 kinabaki mluzi. Binti yako kakujibu kabla yetu.

Hiyo ya kushusha desibeli nayo ina kituko chake. Sauti kubwa humeza ndogo iliyo jirani yake, ndiyo maana kwenye miksi unahangaika kuitoa sauti ya mwimbaji ndani ya magitaa. MP3 imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo: inatafuta sauti ambazo sikio halitazipata, inazipunguza au kuzitupa ili faili liwe dogo. Yaani mteja anakulipa uweke kitu ambacho programu imeundwa kukitupa! Na ukihifadhi kwa kilobiti 128 kwa sekunde, mara nyingi kila kilicho juu ya hezi 16,000 kinakatwa. Fungua faili lako kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, badilisha mwonekano uwe spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti, linganisha kabla na baada ya kubana. Utaona pale juu pamenyolewa.

Ila moja nakuonya. Usipandishe huo mluzi kwa vile wewe huusikii. Kuna mtoto atalala nao masikioni.

Mwalimu wa Zamu

Hadithi hii ina umri. Mwaka 1957 Mmarekani James Vicary, mtu wa utafiti wa masoko, alidai amemulika maneno kwenye skrini ya sinema kule Fort Lee, New Jersey, haraka kuliko jicho, na mauzo ya bisi na Coca-Cola yakapanda. Watu walitaharuki. Mwaka 1962 akakiri kwamba data yake ilikuwa kidogo mno isiyo na maana. Kukiri kwake hakukufika mbali kama uongo wake.

Kwa sauti, kipimo ninachokipenda ni cha Anthony Greenwald na wenzake, 1991. Walichukua kanda za dukani, za kumbukumbu na za kujiamini, wakabadilisha lebo kwa baadhi ya watu. Baada ya mwezi hivi, kumbukumbu haikupanda kwa sababu ya kanda, wala kujiamini. Lakini zaidi ya theluthi moja yao walihisi wameimarika pale pale lebo iliposema. Kwa hiyo mteja wako anachouza ni lebo.

Mama Neema

Mimi nilinunua moja mwaka juzi, kwa ajili ya kijana wangu. Alilala na hedfoni miezi miwili, darasani akawa anasinzia. Kilichoninyima raha baadaye ni kingine: sikujua humo ndani wamemwambia nini mwanangu. Huwezi kukagua usichokisikia. Ukifanya hiyo kazi, kaka yangu, andika maneno yote kwenye karatasi mnunuzi ayasome.

Prodyuza wa Nyakato

Asanteni. Mama Neema, hilo la karatasi limenikaa.

Mrejesho. Nilimtumia mafaili mawili, A na B, nikamwambia alale na moja kila usiku kisha achague. Leo asubuhi kaja na uso umechangamka. Kachagua B: "Hii imeshika, nimeamka nikampigia simu mtu ninayedaiwa naye, mwenyewe bila kusukumwa."

Nikamfungulia kompyuta. A ilikuwa na maneno. B ni piano na mvua, basi. Nikamwonyesha na picha ya spektrogramu, nikamweleza habari ya lebo, nikamwambia yenye maneno ya kusikika nitamfanyia kwa moyo mmoja.

Kakaa kimya, kaisikiliza tena B kwa dakika kama mbili, kichwa kainamisha. Kisha akauliza:

"Sasa hii tupu, unanifanyia bei gani?"