Mwamuzi wa banda la gemu kaipa Dominion ushindi dhidi ya Hammerfell, na hela yangu imekwenda. Huu ni uhuni!

Wakuu, mbukwenyi. Naandika nikiwa nimevurugwa, lugha ikipanda mnivumilie.

Hapa Dodoma, mtaani kwetu, kuna banda la gemu ambalo Jumamosi jioni tunaweka mpira pembeni tunafanya mdahalo wa mataifa ya kwenye gemu. Nani ana jeshi kali, nani akimvamia nani itakuwaje. Kila mtu anaweka elfu tano mezani, mwenye banda anaamua. Ilikuwa raha sana. Tangu abandike ukutani lile karatasi lake la pointi, pameoza.

Karatasi lenyewe linasema hivi: askari wa miguu pointi zake, wachawi pointi zao, meli, silaha nzito, basi. Unajumlisha, mwenye nyingi kashinda. Chakula hakimo. Maji hayamo. Umbali haumo. Nani yuko kwao na nani kaja kwa watu, hakuna anayeuliza. Ni kuhesabu ng'ombe wa mtu bila kuuliza lambo liko wapi.

Jumamosi iliyopita mada ilikuwa Aldmeri Dominion, himaya ya elf, dhidi ya Hammerfell, nchi ya Redguard, dunia ile ya gemu la Skyrim. Nikawahi kuchukua Hammerfell, tena nikicheka, kwa sababu hili si jambo la kukisia. Limeshatokea humo humo ndani ya gemu!

Kwa ambao hawajacheza: Skyrim ilitoka 2011, lakini vita ninayoizungumzia ilipiganwa kabla hadithi yake haijaanza. Mwaka 171 wa Enzi ya Nne, kwa kalenda ya humo, balozi wa Dominion alimpelekea Kaisari Titus Mede II, mtawala wa Dola ambayo Hammerfell ilikuwa jimbo lake, mkokoteni uliofunikwa. Ndani, vichwa vya majasusi wake. Dominion wakavamia kwa pande mbili, Cyrodiil, jimbo lenye mji mkuu wa Dola, na Hammerfell. Mwaka 174 mji mkuu wa Dola ukaanguka. Mwaka uliofuata Kaisari akaukomboa, lakini jeshi lilikuwa hoi, akasaini mkataba wa White-Gold Concordat: mungu wao Talos asiabudiwe tena, na sehemu kubwa ya kusini mwa Hammerfell wapewe Dominion. Redguard, ambao ndio wenye Hammerfell yao, wakagoma. Kaisari akawatosa, akawatoa kwenye Dola ili amani yake isiharibike. Wakabaki peke yao. Wakapigana miaka mitano zaidi, hadi mwaka 180 ukasainiwa mkataba wa pili wa Stros M'Kai na Dominion wakafungasha virago.

Sasa niambieni, hapo kuna mdahalo gani?

Mwamuzi kaangalia karatasi. Kajumlisha. "Dominion wana pointi nyingi, Dominion kashinda." Nikamwambia washa gemu. Nikafungua kitabu cha The Great War, kile unachokikuta ukicheza, nikamsomea mstari kwa mstari. Akanijibu nini? "Hicho kaandika ofisa wa jeshi la Dola, ni propaganda." Na vijana wakapiga makofi!

Ni kweli mwandishi wake ni ofisa wa Dola. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito. Ofisa wa Dola anafaidika nini kuwasifia Redguard? Kama watu waliotoswa wamemzuia Dominion bila msaada, basi Kaisari aliuza ardhi ya wenzake bure. Redguard wanasema hivyo hivyo, na kitabu kinakiri kwamba wanasema hivyo, kisha kinahangaika kumtetea Kaisari. Mtu akikiri jambo linalomuumbua bosi wake, wewe unamwita mwongo kwa kipimo gani? Karatasi la ukutani?

Halafu kuna jangwa. Hammerfell katikati ni jangwa la Alik'r. Majeshi ya Dola yenyewe yalipozidiwa yalirudi nyuma kulikatiza, na mpaka leo safari ile inaitwa March of Thirst, safari ya kiu. Jenerali Decianus wa Dola alipoitwa arudi kuokoa Cyrodiil, akawaachisha kazi askari wengi kwa kisingizio kwamba ni wagonjwa, wakabaki Hammerfell. Wagonjwa! Hao ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa jeshi lililowarudisha Dominion nyuma, huku wapiganaji wa Alik'r wakiwadonoa donoa njia nzima jangwani. Kwenye karatasi la mwamuzi mgonjwa ana pointi ngapi? Na kiu je?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwenye banda ni mtu wa hapa hapa. Sisi wa Ugogo jambo hili tulitakiwa tulijue kuliko wote. Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, ilitoka wapi? Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua vilivyobaki. Mvua zilipokuja kugoma, ghalani hamna kitu na wa kulima hawapo. Watu wakafa kwa maelfu. Ukiyaweka majeshi yale kwenye karatasi lake, atahesabu bunduki na mizinga. Ghala la Mgogo lililowalisha wote wawili litapata sifuri.

Au kama 1916 ni mbali, hii ya juzi. Gaddafi alimletea Amin askari na silaha, mpaka ndege za Tu-22. Ikaja moja kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia Saanane, wakafa swala. Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwetu. Kwa hesabu ya pointi, Tu-22 ni pointi nyingi sana.

Na siyo Skyrim tu. Belka, nchi ya kwenye Ace Combat Zero, gemu la ndege za kivita, kapewa pointi za bonasi kwa ajili ya nyuklia. Jamani, yale mabomu saba Belka aliyalipua kwenye ardhi yake mwenyewe ili adui asisonge! Hiyo nayo ni nguvu?

Nimtendee haki dogo mmoja aliyekuwa upande wa Dominion. Yeye alisema Redguard hawakushinda, walitoka sare, na kusini mwa nchi yao kulibaki magofu. Hiyo ni hoja. Kitabu chenyewe kinasema hivyo. Angeniambia mwamuzi kwamba ni sare, kila mtu achukue elfu tano yake, ningekunywa soda nikaenda kulala. Lakini kusema Dominion kashinda vita aliyoikimbia, hapana.

Madai yangu ni haya. Elfu tano yangu irudi. Karatasi libanduliwe. Na atakayeamua asiwe yule anayekata asilimia kumi kwenye kila dau, maana tumeshamstukia: upande wenye watu wengi ndio unaoshindaga.

NYONGEZA: Naona mnauliza kwa nini nisiache tu, ni gemu. Mbona mkifungwa goli la kuotea hamsemi ni mpira tu?

NYONGEZA 2: Aliyeniandikia inboksi kwamba Hammerfell ilisaidiwa kwa siri na Dola, lete hoja hapa hadharani. Wale "wagonjwa" wa Decianus nimeshawataja, kwa hiyo ukija nao tena uje na kitu kipya. Na wewe mwenye banda, najua unasoma humu. Jumamosi nakuja mapema.