Latitude E6430: nibadilishe prosesa au niiache?

Mhasibu_Tabata
Wakuu, heshima zenu. Nina Dell Latitude E6430, prosesa i5-3320M, ramu GB 4, hard diski ya kawaida ya GB 320, Windows 10. Kazi zake ni Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) na Chrome iliyojaa kurasa. Siku hizi imekuwa nzito mno, faili la mahesabu linafunguka unamaliza kikombe cha chai. Fundi mmoja Kariakoo amenitajia 180,000 aniwekee i7-3740QM, kifaa pamoja na ufundi. Nitoe hela, au nijikaze ninunue nyingine?

Spana17
Karibu. Kwenye hiyo mashine prosesa inachomoka, imekaa kwenye soketi, kwa hiyo fundi hajakudanganya. Wengine wanaosoma hapa wasikurupuke: laptop za Intel zinazokubali mchezo huu zinaishia kizazi cha nne, tena zile zenye M, QM au MQ mwishoni mwa namba. Ukikuta U au HQ, imechomelewa kwenye ubao, achana nayo.

Sasa, i5 yako ina kore 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) na inapanda hadi GHz 3.3. Hiyo i7 ina kore 4, inafika 3.7. Ungekuwa mtu wa kuhariri video ningesema lipa. Makro za Excel zinatumia kore moja tu, kwa hiyo kore tatu zilizobaki utakuwa umezinunua zikae. Halafu inakula wati 45, yako inakula 35. Hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) ya E6430 isiyo na kadi ya picha ya NVIDIA ni ndogo kuliko ya zile zenye kadi. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, feni itavuma kutwa na prosesa itajipunguza mwendo yenyewe ikikaribia nyuzi 105. Kuna i7-3632QM ya wati 35, ila kwenye kore moja inaishia 3.2, chini ya uliyonayo!

Kabla ya yote bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, fungua lile faili zito, kisha tuletee namba za CPU, Speed, Memory na Disk. Chaja iwe imechomekwa.

Mhasibu_Tabata
Asante mkuu. Disk 100% muda wote faili linapofunguka. Memory 93%. CPU inacheza 30 hadi 40. Speed inasoma 1.18 GHz, haipandi hata nikifungua vitu vingine.

Kibodi_Mbezi
Hiyo 1.18 ndiyo ya kushughulikia kwanza, na i7 haitaiondoa. Prosesa imefungiwa kwenye mwendo wake wa chini kabisa. Kwa Dell mara nyingi chanzo ni chaja. Ile sindano nyembamba ya katikati ya pini haipeleki umeme wa kuchaji, inapeleka taarifa kwamba hii ni chaja ya Dell ya wati kadhaa. Chaja ikiwa feki, sindano ikipinda au waya wake ukikatika ndani, kompyuta haimtambui mgeni, inaacha kuchaji betri na kubana prosesa.

Zima, washa huku unagonga F2 uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), fungua General, kisha Battery Information. Aina ya chaja ikiandikwa 65W au 90W, sawa. Ikiandikwa Unknown, umempata mchawi. Azima chaja halisi ya wati 90 ujaribu kabla hujanunua, maana ikibaki Unknown hata kwa chaja nzima, tatizo ni tundu la kuchajia kwenye laptop, ambalo ni kipande chenye waya wake na linabadilishwa peke yake.

Mhasibu_Tabata
Unknown kweli. Na betri haijai kwa muda sasa, nilidhani imechoka. Nimeazima ya jirani, imesoma 90W na Speed imeruka hadi 3.1. Kufunguka kwa faili bado kunachelewa ila si kama mwanzo.

Spana17
Basi 180,000 imepona. Huo uzito uliobaki ni diski na ramu.

Nunua SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inakutosha. Usiuziwe ya M.2 (ile nyembamba kama ubao mdogo), haina pa kukaa humo. Hard diski ya E6430 inatoka ubavuni: toa betri, fungua skrubu mbili chini, vuta. Hamisha ile fremu yake uifunge kwenye SSD. Ramu ni DDR3 ya laptop, pini 204, kasi ya 1600. Weka za GB 4 mbili au za GB 8 mbili, zikiwa pacha kadi ya picha ya ndani ya prosesa inakwenda vizuri zaidi. Zipo chini ya kifuniko cha chini.

Ukishafungua kifuniko hicho, toa na hitisinki. Legeza skrubu kwa mfuatano wa namba zilizoandikwa pembeni yake. Futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti, sugua vumbi kwenye mapezi ya feni kwa brashi laini, paka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele na uitandaze nyembamba. Prosesa ya laptop hii haina kofia ya chuma, kipande chake kiko wazi na kinavunjika kama kioo. Ukikaza upande mmoja kwanza, kona inamegeka na ndiyo mwisho wake.

Kibodi_Mbezi
Nyongeza mbili. Windows 10 ilisimamishwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane. i7 ya kizazi cha tatu isingekuvusha hapo, kwa hiyo usimwage hela nyingi kwenye mashine hii. SSD utahama nayo ukinunua nyingine.

Pili, ukihamisha Windows kwenda SSD badala ya kuweka upya, usiguse SATA Operation (namna mashine inavyoongea na diski) kwenye BIOS. Kama ilikuwa RAID On iache hivyo hivyo. Ukiigeuza kuwa AHCI ghafla, utapokelewa na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE BOOT DEVICE, na mafundi wengine watakuambia SSD ni mbovu.