Ngoma za uhamasishaji zinaelimisha kweli au zinakusanya watu tu?

Wakuu tujadili hili bila matusi. Kuna jamaa kaandika kwamba hela wanazolipwa vikundi vya ngoma kwenye kampeni za ukimwi, mimba za utotoni, ukeketaji, zote zinapotea bure bora zinunue madawati, maana watu wanakuja kuangalia viuno, ngoma ikiisha kila mtu anashika njia yake. Mi nampinga ila najua anaongelea nini.

Ile staili ya kikundi kuletwa toka mjini, tisheti za mradi, spika juu ya fuso, wanacheza nusu saa halafu mheshimiwa anashika maiki anasoma hotuba, hiyo sio elimu jamani, hapo ngoma imegeuzwa kengele ya kuitia watu. Aliyepanga wimbo useme nini hajawahi hata kulala hicho kijiji.

Sasa angalieni Tuseme, mradi wa sanaa kwa wasichana mashuleni. Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Prof. Penina Mlama na Prof. Amandina Lihamba, walienda mashuleni wakakaa na wasichana, wasichana wenyewe ndo wakasema kinachowakwamisha: kusumbuliwa kimapenzi, mimba, kazi za nyumbani zinazokula muda wa kusoma. Wakatunga mchezo wao, nyimbo zao, ngoma zao, wakaonyesha mbele ya walimu na wazazi halafu watu wakajadili palepale. FAWE, lile shirika la wanawake wa Afrika wanaopigania elimu ya wasichana, wakaibeba mpaka nchi zingine za Afrika. Mnaelewa uzito wake? Binti wa kidato cha pili hawezi kumfuata mkuu wa shule ofisini akamwambia mwalimu fulani ananitaka, ila akiwa uwanjani na wenzake wanaitikia nyuma yake anaweza kuliimba na shule nzima ikasikia, na hapo hakuna wa kumwita pembeni kumnyamazisha.

Na wala hatukufundishwa na wafadhili kusema mambo yetu kwa ngoma. Usukumani Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wameshindana kwa ngoma tangu enzi za mkoloni, anayevuta watu wengi ndo mshindi, na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hawezi kuvuta watu kwa wimbo usiowagusa.

Ila niseme ukweli na hili pia, binti akishaimba halafu yule mwalimu kesho bado yuko darasani anashika chaki, mmemuacha binti pabaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo anayelipia ngoma aulize kwanza nani katunga huo wimbo, na nani atakaa kusikiliza malalamiko na kuyafanyia kazi ngoma ikiisha. Kama hana majibu asipeleke fuso.

Mliopitia Tuseme shuleni semeni, baada ya onyesho kuna kitu kilibadilika? Na wewe wa madawati, huyo binti utamsikia wapi?