Tupeane uzoefu: kisanduku cha jiokeshi kwenye mashamba yenye historia

Mwanzisha mada, Muheza

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jiokeshi, ule mchezo wa kuficha kisanduku na kuwapa watafutaji namba za latitudo na longitudo ili wakitafute kwa GPS ya simu. Ulianza Marekani mwezi Mei 2000, siku chache tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Ningependa tuzungumzie visanduku vilivyowekwa mahali penye historia ya kilimo, ambavyo mtoto wa miaka saba anaweza kuvifikia bila hatari.

Sisi tulikiweka chetu karibu na korona ya zamani, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, iliyokwisha kuacha kazi, baada ya mwenye eneo kuturidhia. Tulikiepusha kabisa na mistari ya mkonge, kwa kuwa mwiba ulio kwenye ncha ya jani unalingana na kimo cha jicho la mtoto, tukakifunga kwenye shina la mwembe. Kina kufuli ya tarakimu tatu, na fumbo lake ni hili: ni miche mingapi ya mkonge iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893? Jibu ni 62. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; ikapitia Hamburg, mingi ikafa safarini, na hiyo 62 iliyosalia ikapandwa Kikogwe, Pangani. Watoto wanapozungusha 0-6-2 na kufuli ikafunguka, kisha wakainua macho na kuona mkonge umetanda hadi upeo wa macho, hakuna haja ya kuwaeleza zaidi ukubwa wa jambo lenyewe.

Hata hivyo, lililonigusa zaidi sikuwa nimelipanga. Babu yetu, aliyekuja kwa treni kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, alituona tukitia sahihi katika daftari la kisanduku, akaliomba, akalishika muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaanza kutueleza habari za kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, ambayo mtu hakulipwa mshahara wake kamili mpaka ijae, na siku uliyoshindwa kumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa. Nimeishi naye miaka yote hiyo, na sikuwahi kuyasikia hayo.

Mchangiaji, Dodoma

Nashukuru kwa mada hii. Cha kwetu kiko upande wa Kongwa, kwenye pango la mbuyu, palipopita ule mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 kwa sababu nchi yao ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, wakauacha mwaka 1951 baada ya kupata hasara ya takriban pauni milioni 36. Mimi ni mwalimu, na nimeona kwamba watoto hawashikwi na habari za pauni. Wanashikwa na udongo. Kwa hiyo fumbo letu linawataka wachukue bonge la udongo wa mwezi wa nane, wajaribu kulivunja kwa vidole, na wakishindwa walimwagie maji. Ndipo wanapoelewa kwa mikono yao kwa nini karanga, ambazo huzaa chini ya ardhi, hazikung'oleka kirahisi mvua zilipokatika, ijapokuwa palikuwa na matrekta mengi. Swali wanalouliza bila kukosa ni kwa nini mbuyu ule haukung'olewa na katapila, nami huwaambia wauzunguke kwanza wakiwa wameshikana mikono, kisha wanijibu wenyewe.

Tafadhali chunguzeni pango kwa fimbo kabla mtoto hajaingiza mkono, kwa maana nyuki na nyoka nao hulipenda.

Mchangiaji, Marangu

Mimi nina kosa la kuwaeleza, ili lisirudiwe. Tulitaka watoto waujue mfongo, yaani mfereji unaoleta maji ya mlimani hadi kwenye migomba na kahawa ya kihamba (shamba la familia linalozunguka nyumba), mifereji ambayo Wachaga waliichimba kabla ya mkoloni yeyote kufika. Kwa kutokujua, tulichimba shimo dogo kwenye ukingo wake tukakifukia kisanduku, ingawa kanuni za mchezo zinakataza kuchimba ardhi bila ruhusa ya mwenye eneo. Mvua za masika zilipokolea, ukingo ulimeguka pale pale, na familia za chini zikakosa maji kwa siku mbili.

Tulichuma jani la isale, mmea ambao kwa Wachaga ni ishara ya kuomba radhi, tukaenda nalo kwa mzee anayesimamia zamu za maji kumwomba radhi, watoto wakiwa pamoja nasi. Alilipokea, akatupa majembe, tukaungana na wenzetu kuuziba ukingo. Kazi ilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha mahali pa kukining'iniza: kwenye uzio wa masale wa nyumba yake, hatua chache kutoka mahali maji yanapogawanywa. Siku hizi anayekitafuta hupiga hodi kwanza, na mara nyingi hukuta zamu ya maji ikibadilishwa. Kwa maoni yangu, mahali penye historia ya kilimo pana mwenyewe, hata pakionekana pori, na ruhusa yake itangulie namba za GPS.

Mwanzisha mada, Muheza

Ahsante sana, mama. Hilo la kupiga hodi tumeliiga: watafutaji sasa huanzia barazani kwa babu. Naye ametutaka tuchore daftari upya, kila ukurasa uwe na nafasi 30 kama kipande, naye huweka alama kwa kila mtoto anayefika. Ukurasa wa kwanza umebakiza nafasi 11.